Seli hukagua kila mzigo, lakini haikimbilii kuuteketeza

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa maana ya ukaguzi. Anaijua kwa miguu iliyosimama foleni Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, na kwa mfuko uliolipia siku ambazo gari lililala getini. Anajua pia kwamba mjadala wa ukaguzi katika nchi zetu una pande mbili tu. Upande mmoja unasema ulegezwe ili biashara ipite. Upande wa pili unasema ukazwe ili mlaji alindwe. Siku mzigo mbaya unapogunduliwa, wa pili wanashinda. Siku nyanya zinapoozea ndani ya lori, wa kwanza wanapiga kelele. Mwaka unaofuata tunarudia yale yale.

Leo napendekeza tukitazame kituo kingine cha ukaguzi, kikongwe kuliko mpaka wowote uliochorwa na binadamu. Kimo ndani ya mwili wa kila anayesoma ukurasa huu. Kila seli inayotengeneza protini ina mahali pa kuzikagua kabla hazijaruhusiwa kwenda kufanya kazi, na wanasayansi wametumia zaidi ya nusu karne kuchunguza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Walichokikuta si ukaguzi uliolegea, wala si ukaguzi wa mkono wa chuma. Ni ukaguzi unaotoa nafasi ya marekebisho, kisha unaweka kikomo cha nafasi hiyo. Nao pia hukosea, na makosa yake yana gharama kubwa. Nadhani katika yote mawili, ubora wake na makosa yake, sisi watu wa mipakani tuna la kuchukua.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Tukisikia protini wengi wetu tunafikiria maharage, dagaa na mayai. Ni kweli, lakini ndani ya mwili protini ni vitendea kazi. Himoglobini inayobeba oksijeni katika damu ni protini. Insulini inayoongoza sukari ni protini. Kingamwili zinazopambana na vijidudu ni protini, na vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni ni protini vilevile. Kila moja ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vya aina 20, vilivyopangwa kama shanga kwenye uzi kwa kufuata maelekezo ya jeni.

Mnyororo huo ukitoka ukiwa umenyooka haufai kitu. Ni kama waya na ndoana. Waya uliokunjwa sawasawa unavua samaki. Waya ule ule ukinyooka ni chuma tu. Protini nayo ni lazima ikunjwe ipate umbo lake, kwa sababu umbo ndilo linaloifanya ishike kile inachotakiwa kushika. Mwanakemia wa Marekani, Christian Anfinsen, alionyesha kwamba protini ndogo iliyokunjuliwa ndani ya chupa ya maabara inaweza kujikunja upya yenyewe na kuanza tena kazi. Maana yake ni kwamba mpangilio wa shanga peke yake unabeba habari za umbo. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Lakini chupa ya maabara ni tulivu, na seli si tulivu. Ndani ya seli kuna msongamano kama soko la siku ya gulio. Mnyororo wa protini una sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia. Ukikunjwa vizuri, sehemu zinazokimbia maji hujificha ndani. Ukikosea, hubaki nje zikiwa na unato, na huanza kushikamana na minyororo ya jirani mpaka yanatokea mabonge. Anayetaka kuona jambo hilo kwa macho yake na achemshe yai. Ute mwepesi unageuka mweupe na mgumu kwa sababu protini zake zimefunguka kwa joto na kushikana, na hakuna mpishi anayeweza kuurudisha ulivyokuwa.

Kwa hiyo seli haisubiri mzigo uharibike ndipo ianze kuukagua. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nayo seli inafanya hivyo hivyo. Kuna protini maalumu ambazo kazi yake ni kuzilea protini nyingine. Huushika mnyororo ungali unatengenezwa, hufunika sehemu zenye unato, na huuachia pole pole ujikunje. Kidokezo cha kwanza cha walezi hao kilipatikana mwaka 1962, pale Mwitalia Ferruccio Ritossa alipoona kwamba chembe za inzi wadogo wa matunda zilizopata joto ziliamsha jeni fulani kwa ghafla. Baadaye ilijulikana kwamba jeni hizo zinatengeneza walezi wa ziada, kwa sababu joto linakunjua protini. Zingatia hapo: hatari ilipoongezeka, seli iliongeza wasaidizi.

Karibu theluthi moja ya protini za mwili zina safari ndefu zaidi. Hizi ndizo zitakazotumwa nje ya seli, kama insulini na kingamwili, au zitakazowekwa kwenye ukuta wake. Zote hupitia mtandao wa mifuko na mirija uitwao retikulamu endoplazimu. Tuuite karakana, kwa sababu ndani yake mna mafundi na wakaguzi kwa pamoja.

Protini nyingi zinapoingia katika karakana hii hubandikwa karatasi ya safari. Karatasi hiyo ni tawi la sukari 14: glukosi 3, manosi 9, na sukari 2 za aina nyingine zinazolishikilia tawi kwenye mnyororo. Mara tu baada ya kubandikwa, vimeng'enya hukata glukosi mbili za mwanzo, ikabaki moja. Glukosi hiyo moja ni kama muhuri usemao "bado iko kwa fundi". Walezi wawili, kalineksini na kalretikulini, huutambua muhuri huo, huishika protini na kuiletea msaidizi wa kuikunja.

Baada ya muda kimeng'enya kingine hukata ile glukosi ya mwisho na protini inaachiwa. Hapo ndipo mkaguzi anapoingia. Wataalamu humwita kwa kifupi UGGT. Aliyemgundua ni Armando Parodi wa Argentina, na Ari Helenius, mtaalamu aliyezaliwa Finland, ndiye aliyependekeza jinsi mzunguko mzima unavyokwenda. Mkaguzi huyu huigusa protini akitafuta dalili za kukunjika vibaya, hasa zile sehemu zenye unato zilizobaki nje wakati zilipaswa kujificha. Asipozikuta, protini inaendelea na safari. Akizikuta, haitupi. Anaibandika glukosi moja, ule ule muhuri wa mwanzo, nayo inarudi kwa walezi ikakunjwe tena. Ikitoka anaikagua tena. Protini moja inaweza kuzunguka hivyo mara kadhaa.

Hebu tuyatafakari mambo matatu katika utaratibu huu. Kwanza, mkaguzi ana kitu mahususi anachokitafuta. Hapimi sura ya mwenye mzigo wala mahali ulikotoka. Pili, jibu lake la kwanza kwa kasoro ni kuirudisha kazi kwa fundi, na fundi yuko hapo hapo, hatua chache tu kutoka alipo mkaguzi. Tatu, anayekata muhuri si yule anayeurudisha. Mamlaka yamegawanywa kati ya wafanyakazi tofauti, na hakuna mmoja anayeweza peke yake kuupitisha mzigo au kuufuta.

Msomaji makini atauliza: je, huo si uzembe? Protini isiyokunjika kabisa itazunguka milele? La. Ile karatasi ya safari ina saa ndani yake. Wakati glukosi inatoka na kurudi, vimeng'enya vingine vinakata manosi moja moja, kwa mwendo wa taratibu. Protini iliyokunjika mapema huondoka kabla saa haijafika mbali. Iliyokaa muda mrefu hupoteza manosi kadhaa, na upungufu huo wenyewe ndio ishara kwamba nafasi zimekwisha. Hapo hutolewa nje ya karakana kupitia mlango mwingine, hubandikwa alama ndogo iitwayo yubikwitini, na kupelekwa kwenye mashine ya kukata iitwayo proteasomu. Mashine hiyo huikata vipande vidogo, ambavyo huvunjwa hadi kuwa asidi amino na kutumika tena kutengeneza protini nyingine. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kugundua jinsi alama hiyo inavyofanya kazi.

Mlango huo wa kutokea ni muhimu sawa na ule wa kuingilia. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo bortezomib kwa saratani ya uboho inayoshambulia seli zitengenezazo kingamwili. Seli hizo hutengeneza protini kwa wingi mno, na dawa hiyo huizuia proteasomu. Uchafu unarundikana na seli ya saratani inakufa. Kumbe hata kituo chenye wakaguzi hodari kinaweza kuuawa na mizigo iliyokataliwa isiyoondolewa.

Na mizigo inapozidi uwezo? Peter Walter wa Marekani na Kazutoshi Mori wa Japani, waliotuzwa pamoja Tuzo ya Lasker mwaka 2014, walionyesha kwamba karakana ina namna ya kupeleka taarifa kwenye kiini cha seli. Protini zisizokunjika zikirundikana, seli inafanya mambo manne. Inapunguza kasi ya kutengeneza protini mpya, ili foleni isiongezeke. Inaongeza walezi. Inaipanua karakana yenyewe. Inaongeza uwezo wa kubomoa zile zilizoshindikana. Haya yote yakishindwa kwa muda mrefu, seli inajiua kuliko kusambaza bidhaa mbovu mwilini. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini ni miongoni mwa zinazobeba mzigo mkubwa wa namna hii, na wataalamu wanauhesabu uchovu wa karakana zao kuwa miongoni mwa mambo yanayochangia kisukari.

Mpaka hapa seli inaonekana kama mwalimu asiye na dosari. Sasa tuje kwenye kosa lake.

Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, unaowapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Mgonjwa hupata makamasi mazito yanayoziba mapafu na kuharibu kongosho. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1989 na kundi la Lap-Chee Tsui, Francis Collins na Jack Riordan. Jeni hiyo inatoa maelekezo ya kutengeneza mlango mdogo wa kupitisha chumvi kwenye ukuta wa seli, protini yenye asidi amino 1,480. Kwa wagonjwa walio wengi, hitilafu ni kukosekana kwa asidi amino moja tu, ile ya nafasi ya 508. Shanga moja kati ya 1,480.

Watafiti walipofuatilia walikuta kwamba protini hiyo haifiki ukutani. Inakunjika kwa shida, wakaguzi wa karakana wanaizuia, na karibu yote inabomolewa. Kisha mwaka 1992 ikaonekana jambo la kushangaza. Seli zenye hitilafu hiyo zilipokuzwa maabara katika joto la chini ya nyuzi 30, badala ya 37 za mwili, sehemu ya protini ilifaulu kupita, ikafika ukutani, na ikapitisha chumvi. Haikuwa kamili. Hufunguka kwa uvivu na haidumu kama ile ya kawaida. Lakini ilifanya kazi kwa kiasi fulani. Kwa maneno mengine, mwili ulikuwa unateketeza karibu mzigo wote wa bidhaa yenye kasoro, huku watoto wakikosa pumzi, wakati bidhaa ile ingesaidiwa kidogo ingeweza kuwa na manufaa.

Mkaguzi hakuwa na rushwa wala uvivu. Alifanya kazi yake kama alivyoumbwa. Tatizo ni kwamba anapima umbo, hapimi manufaa. Hana njia ya kujua kwamba nje ya karakana kuna mapafu yanayosubiri.

Dawa iliyobadilisha maisha ya wagonjwa hao haikumwondoa mkaguzi. Oktoba 2019 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa dawa tatu, elexacaftor, tezacaftor na ivacaftor. Mbili za kwanza huisaidia protini ikunjike vizuri zaidi, hivyo inapita ukaguzi kwa haki. Ya tatu huushikilia mlango uwe wazi unapofika ukutani. Bei iliyotangazwa wakati huo ilizidi dola 300,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Hiyo ndiyo gharama ya kuja kurekebisha mwishoni kile ambacho mfumo haukuweza kukirekebisha njiani.

Sasa turudi getini. Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha kwa barua uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama Namanga. Siku chache baadaye zuio likaondolewa na masharti yakawekwa: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachokubalika. Kiwango chenyewe hakikuwa kigeni. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vilikuwa tayari vinasema sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni za mahindi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sumukuvu si kisingizio cha maofisa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Mfanyabiashara anayesema "pitisha tu, watu wamekula miaka yote" anafanana na seli inayoachia mabonge yasambae. Ukaguzi ni lazima uwepo, na uwe mkali pale penye sumu.

Ninachopinga ni ukaguzi wenye majibu mawili tu, pita au potea. Barua ya kusimamisha kila kitu, halafu masharti yanafuata baadaye, ni kinyume cha karakana yetu. Masharti yalipaswa kuwa ndiyo mwanzo.

Fundisho la kwanza ni kumkunja samaki angali mbichi. Mahindi hayapati sumukuvu getini. Yanaipata shambani, na katika uanikaji na uhifadhi mbaya. Kipimo cha unyevu na cha sumukuvu kinapaswa kuwa Kibaigwa, yanapokusanywa mahindi ya Dodoma, na katika kila soko kubwa la nafaka la Uganda na Kenya, kabla gunia halijapanda lori. Cheti kikitoka huko kiheshimiwe upande wa pili. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji tayari inazitaka nchi zitambuane alama za ubora. Kupima mara ya pili kile ambacho jirani amekwisha kukipima na kukithibitisha ni kumlipisha mfanyabiashara gharama ya kutoaminiana kwa serikali.

La pili ni kumweka fundi karibu na mkaguzi. Sheria ya mwaka 2016 ya vituo vya pamoja vya huduma mipakani imewaleta maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Ni hatua njema. Lakini chini ya paa hilo kuna wakaguzi wengi, na fundi haonekani. Yuko wapi mtu wa kumwonyesha mama mwenye magunia 15 namna ya kuirekebisha karatasi yake? Iko wapi sehemu ya kukaushia nafaka iliyozidi unyevu, kuchambua maharage yaliyochanganyika na takataka, kubadilisha vifungashio visivyokidhi? Tutenganishe kasoro zinazorekebishika na zisizorekebishika. Unyevu unakaushika. Lebo inabandikwa upya. Sumukuvu ikishaingia kupita kiwango, hiyo haikaushiki, na hapo mzigo usiingie kwenye chakula cha watu.

La tatu ni saa. Protini ina muda wake, na mkaguzi ana muda wake. Mfanyabiashara aambiwe kwa maandishi ana siku ngapi za kurekebisha. Ofisi nayo iambiwe ina saa ngapi za kutoa majibu ya kipimo. Samaki wa Ziwa Victoria na maziwa hayasubiri sahihi ya bosi aliye semina. Leo saa iko upande mmoja tu, na upande huo ni wa mwenye mzigo.

La nne ni foleni. Seli iliyozidiwa hupunguza kasi kule bidhaa zinakotengenezwa, na wakati huo huo huongeza wafanyakazi. Sisi tunafanya kinyume. Tunaacha malori yaendelee kupakia, kisha tunafunga mlango yakiwa njiani. Taarifa ya mabadiliko yoyote itangulie mzigo. Imfikie mnunuzi akiwa bado sokoni na pesa zake mkononi.

Ofisa wa forodha atanijibu kwamba seli haina magendo, na kwamba akitoa nafasi ya pili watu wataitumia kupenyeza uchafu. Hoja hiyo ina uzito, nami naijibu kwa kumrudisha kwenye ile karatasi ya sukari. Nafasi ya pili ndani ya seli si huruma ya ofisa mmoja. Imegawanywa: mmoja anakata, mwingine anakagua, wa tatu anahesabu muda. Rushwa hustawi pale mtu mmoja anapokuwa na kalamu ya kukataa na kalamu ya kusamehe. Tugawe kalamu hizo. Tena ukaguzi wa pita au potea ndio unaozijaza njia za panya, kwa kuwa anayejua atapoteza mtaji wote getini hana sababu ya kufika getini. Mzigo wake hukaguliwa na giza la usiku.

Kuna jambo moja ambalo seli haiwezi kutufundisha, na ndilo zito kuliko yote. Seli ikibomoa protini, asidi amino zinarudi kwenye ghala la seli ile ile. Hakuna aliyefilisika. Dakika chache baadaye protini nyingine inatengenezwa kwa malighafi hiyo hiyo. Mpakani sivyo. Magunia yakiteketezwa, moshi unakwenda hewani na deni linabaki kwa mtu mmoja. Kikundi cha kuweka na kukopa kinamdai. Ada ya shule inamdai. Wafanyabiashara wadogo wanaotumia utaratibu rahisi wa biashara, ule wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, mara nyingi wanabeba mtaji wote walionao duniani katika safari moja. Utaratibu huo umewapunguzia karatasi za forodha, lakini haujawaondolea vipimo vya ubora wala hasara ya kushindwa vipimo hivyo.

Kwa hiyo mfumo wetu unapaswa kuwa na subira kubwa kuliko seli, wala si ndogo. Shehena ikikataliwa kwa ajili ya afya ya wote, gharama isimwangukie mmoja peke yake, hasa pale alipokuwa na cheti halali kutoka soko alikonunua. Nchi wanachama zina mabunge, zina bajeti, na Jumuiya ina makao makuu Arusha. Mfuko mdogo wa kufidia mizigo ya wadogo iliyokuwa na vyeti si ndoto. Ni bei ya kumtaka mtu apitie mlango wa mbele.

Mpaka hayo yatakapotimia, nawaomba wafanyabiashara, mmoja mmoja na kupitia vyama vyenu vya mipakani, mtumie haki yenu ya kuuliza. Mzigo ukizuiwa, msiulize tu "mpaka lini?" wala "shilingi ngapi?" Ulizeni mambo matatu, na mtake majibu kwa maandishi: kasoro ni ipi hasa, nairekebishia wapi, na nina muda gani. Protini changa isiyo na mdomo hupatiwa majibu ya maswali hayo matatu kila siku, ndani ya mwili wa ofisa yule yule anayekaa nyuma ya dirisha. Raia wa Jumuiya mwenye kitambulisho, mtaji na watoto wa kulisha hastahili kupata pungufu ya hayo.